Sura ya Sita: Nani Aliligharamia Jiwe Hili?

Anayetaka kuuona ulimwengu wa Warumi kwa macho yake hana haja ya kuanzia Roma. Aanzie Tunisia. Nchi hii, iliyo kwenye ncha ya kaskazini ya bara letu na ambayo eneo lake halifiki theluthi moja ya eneo la Kenya, imejaa miji ya Kirumi: viwanja vya mapambano, mahekalu, hamamu, malango ya ushindi, mifereji ya maji na sakafu za mozaiki. Miji mingi kati ya hiyo imesimama mashambani, katikati ya ngano na mizeituni, na mgeni anaweza kupita barabara ileile aliyopita mkulima wa karne ya 2 akienda sokoni.

Lakini wingi wa magofu sio sababu yangu kubwa ya kumshauri msomaji aende huko. Sababu yangu ni kwamba magofu haya ni historia ya Waafrika. Tumezoea kusoma habari za Roma kana kwamba ni habari za Ulaya peke yake, na miji hii tukaiona kama kazi ya wageni waliokuja, wakajenga, wakaondoka. Ukifika hapo na kusoma maandishi yaliyochongwa ukutani, unakuta mambo ni tofauti. Waliotoa fedha, waliochonga mawe, waliolima na waliochapwa viboko walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wa nchi hiyo hiyo: Wanumidia (wenyeji wa kale), uzao wa Wafoinike wa Karthago, na machotara wa makundi yote mawili. Walowezi kutoka Italia walikuwepo, lakini hawakuwa wengi kiasi cha kuijaza nchi.

Kwa hiyo namshauri kila msafiri aende na maswali matatu, ayaulize mbele ya kila ukuta. Nani aliligharamia jiwe hili? Nani aliyetoa jasho lake? Na baadaye, nani alilichukua?

Kutoka Karthago hadi jimbo la Afrika

Karthago ilianzishwa na Wafoinike kutoka mji wa Tiro, katika Lebanoni ya leo. Jadi inataja mwaka 814 K.K. na inamtaja Malkia Elissa, ambaye Warumi walimwita Dido. Mji ukakua kwa biashara ya bahari hadi ukagongana na Roma. Vilipiganwa vita vitatu. Katika vya pili, Hannibal alivuka milima ya Alps na tembo wake na kuitikisa Italia yenyewe. Katika vya tatu, Scipio Aemilianus aliuzingira mji na kuuteketeza mwaka 146 K.K. Mwanahistoria Appian anaandika kwamba watu 50,000 walitoka ngomeni kujisalimisha. Hao waliishia utumwani. Hadithi maarufu kwamba Warumi waliimwagia chumvi ardhi ya Karthago isiote kitu haimo katika maandishi yoyote ya wakati ule. Ilizuka karne nyingi baadaye, na ni vizuri msomaji aiache.

Warumi hawakuiharibu ardhi. Waliitaka. Waliifanya jimbo na kuliita Africa, jina ambalo baadaye lilienea bara zima. Karne moja baada ya moto ule, Julius Kaisari alipanga kuijenga upya Karthago, na Augusto akatekeleza. Kufikia karne ya 2 B.K. mji huo ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya dola.

Utajiri ulitoka shambani. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba nafaka ya Afrika iliwalisha watu wa mji wa Roma kwa miezi minane ya mwaka. Mwandishi mwingine wa zama hizo, Plinio Mzee, anasimulia kwamba nusu ya jimbo la Afrika ilikuwa mikononi mwa mabwanyenye sita tu, hadi Kaisari Nero alipowaua. Ngano ilitangulia, kisha mafuta ya zeituni yakafuata. Mafuta hayo yalipikiwa, yaliwashiwa taa na yalipakwa mwilini kwenye hamamu, kote katika Bahari ya Kati. Kila jengo kubwa utakaloliona Tunisia lina punje ya ngano au tone la mafuta nyuma yake.

El Jem: uwanja wa mafuta

El Jem ni mji mdogo, takriban kilomita 200 kusini mwa Tunis. Treni ya Tunis kwenda Sfax husimama hapo, na ukishuka tu unauona uwanja juu ya mapaa ya nyumba. Mji wa kale uliitwa Thysdrus. Uwanja wake wa mapambano, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 3, una urefu wa mita 148 na upana wa mita 122, na kuta zake zinafika kimo cha mita 36 hivi. Wataalamu wanakadiria kwamba watazamaji 35,000 walienea humo. Mawe yake yalichongwa Salakta, pwani, na kuburutwa umbali wa kilomita 30 hivi. Haukuegemezwa kwenye kilima chochote. Umesimama peke yake kwenye tambarare, matao juu ya matao, ngazi tatu.

Usiishie kwenye viti vya juu kupiga picha. Shuka chini ya uwanja. Kuna njia mbili ndefu zilizopishana katikati, na kandokando yake vyumba vidogo vya mawe. Humo ndimo walimofungiwa wanyama na watu waliokuwa wakingoja zamu yao. Juu yako kuna matundu ambayo mwanga unapenyea. Vizimba vilivutwa kupitia matundu hayo hadi mchangani, mbele ya umati. Simama hapo kidogo. Vitabu vinakueleza kwamba maonyesho yalikuwa ya ukatili, lakini chini hapa unaelewa kwamba ukatili ule ulipangwa, ukapimwa na kujengewa vifaa kwa mawe.

Swali la nani alilipa linajibiwa vizuri zaidi upande wa kaskazini, katika jumba la makumbusho la Sousse. Humo kuna sakafu ya mozaiki iliyopatikana mahali paitwapo Smirat, kazi ya karne ya 3. Inaonyesha wawindaji wanne wakiwaua chui wanne, na kila mmoja, mtu kwa mnyama, ameandikwa jina lake. Chui wanaitwa Victor, Crispinus, Luxurius na Romanus. Katikati amesimama kijana ameshika sinia lenye mifuko minne ya fedha. Maandishi pembeni yanasimulia kisa kizima: mnadi aliomba wawindaji wa chama cha Telegenii walipwe dinari 500 kwa kila chui, naye tajiri aitwaye Magerius akatoa 1,000 kwa kila mmoja, huku umati ukimshangilia na kutangaza kwamba huko ndiko kuwa na mali. Magerius alilichora tukio hilo sakafuni kwake ili kila mgeni wake alikanyage na alisome. Uwanja wa El Jem ulihuishwa na watu wa namna hiyo, waliogeuza zeituni kuwa fedha na fedha kuwa heshima.

Utajiri huo huo ndio uliowasha uasi. Mwaka 238, Kaisari Maximinus alihitaji fedha za vita, na mtoza kodi wake akawabana wenye mashamba wa eneo hili hadi hawakuvumilia. Vijana wa koo za kitajiri waliwaita watu wao kutoka mashambani, wakaja na marungu na mashoka, wakamuua mtoza kodi huyo. Kisha wakamwendea gavana wa jimbo, mzee Gordian aliyekuwa na umri wa takriban miaka 80, na hapo hapo Thysdrus wakamtangaza kuwa kaisari, naye akamshirikisha mwanawe. Roma iliwakubali. Haikusaidia kitu: Capelianus, gavana wa Numidia, alishuka na jeshi la kulipwa, akawasambaratisha raia wasio na silaha za maana karibu na Karthago. Mwana aliuawa vitani, baba akajinyonga. Utawala wao ulidumu wiki tatu hivi.

Na nani alilichukua jiwe? Zunguka uwanja mpaka upande ambao ukuta umekatika. Pengo hilo lilifunguliwa mwaka 1695 kwa amri ya mtawala wa Tunis, Mohamed Bey, ili waasi wasiugeuze tena kuwa ngome yao. Wenyeji nao kwa karne nyingi walichukua mawe yake wakajengea nyumba. Leo kila kiangazi kuna tamasha la muziki wa ala ndani ya uwanja huo, na watu wa El Jem wanakaa kwenye viti vile vile.

Dougga: mji uliokuwa na serikali mbili

Dougga, kilomita 110 hivi kusini-magharibi mwa Tunis, uko mlimani juu ya bonde la ngano. Treni haifiki, utapanda gari la abiria liitwalo louage hadi Téboursouk, gari la watu wanane ambalo, kama daladala ya kijijini, haliondoki mpaka lijae. Kutoka hapo unakodi gari dogo likupandishe mlimani. Shirika la UNESCO liliuweka mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997.

Anayeijua mipango ya miji ya Kirumi atashangaa mara moja. Barabara hazikunyooka. Zinapinda, zinapanda, zinakwepa. Sababu ni kwamba mji huu, ulioitwa Thugga, ulikuwepo kabla ya Warumi, na barabara zake ni za Wanumidia. Roma ilipofika, haikuufuta. Kwa muda mrefu jamii mbili ziliishi hapa bega kwa bega, kila moja na viongozi wake: raia wa Kirumi upande mmoja, wenyeji Wanumidia upande wa pili. Hazikuunganishwa kisheria hadi mwaka 205, chini ya Kaisari Septimius Severus, naye mwenyewe mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo.

Angalia jumba la michezo ya kuigiza, lenye nafasi ya watazamaji 3,500. Lilijengwa mwaka 168 au 169, na maandishi yake yanamtaja aliyelipa: Publius Marcius Quadratus. Anaorodhesha alichowapa watu wa mji wake, tangu msingi hadi kumbi, jukwaa, mapambo, hata mapazia, vyote kwa fedha zake. Anaongeza kwamba siku ya kulifungua aliwaonyesha michezo, akagawa zawadi na kuwaandalia karamu. Miaka michache kabla, watu wa ukoo wake walijenga hekalu la Jupiter, Juno na Minerva, lile ambalo nguzo zake ndizo picha ya Dougga katika kila kitabu cha watalii. Roma haikutuma fedha za kulijenga. Ukoo mmoja wa mlimani ulifanya hivyo ili uheshimiwe na majirani.

Teremka sasa upande wa kusini, kwenye mnara wa kaburi wenye kimo cha mita 21. Huu ni wa karne ya 2 K.K., kabla ya utawala wa Kirumi, na ni miongoni mwa majengo machache sana ya Wanumidia yaliyobaki wima. Ulikuwa na maandishi ya lugha mbili, Kifoinike cha Karthago na Kilibya cha kale, lugha ya ukoo mmoja na Kiamazigh cha leo. Mwaka 1842 balozi wa Uingereza mjini Tunis, Thomas Reade, aliubomoa mnara ili ayatwae mawe hayo mawili ya maandishi. Yaliuzwa, na leo yako katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Ni kweli kwamba yaliwasaidia wataalamu kusoma herufi za Kilibya. Ni kweli pia kwamba kaburi zima lilikuwa limelala chini kama lundo la mawe hadi Wafaransa walipoliinua tena kati ya mwaka 1908 na 1910, bila maandishi yake. Mgeni anayesimama mbele yake leo anaona mahali palipotolewa mawe hayo, na lazima asafiri hadi London kusoma kilichoandikwa. Kwa maoni yangu mawe hayo yangefaa kurudi.

Waliotoa jasho

Majengo hutukuza waliolipa. Waliolima huonekana kwa nadra, lakini Tunisia imetuachia maandishi mawili ambayo kila mpenda historia wa Afrika anapaswa kuyajua.

La kwanza lilipatikana Souk el-Khemis, katika bonde la mto Medjerda. Karibu mwaka 180, wakulima wapangaji wa shamba la kaisari walimpelekea malalamiko Kaisari Commodus. Walisema mkodishaji mkuu wa shamba amekula njama na msimamizi wa serikali, anawaongezea siku za kazi za lazima, na walipolalamika waliletewa askari. Baadhi yao walifungwa kamba na kuchapwa fimbo, hata waliokuwa raia wa Roma. Commodus akajibu kwamba wasidaiwe zaidi ya siku mbili za kulima, mbili za palizi na mbili za kuvuna kwa mwaka, kama sheria ya zamani ilivyosema. Wakulima wakachonga jibu hilo kwenye jiwe. Hawakuliamini neno la mdomo la msimamizi, wakataka liwe mahali ambapo halifutiki.

La pili ni la mji wa Mactar. Ni maandishi ya kaburi ya mtu ambaye jina lake limepotea. Anasema alizaliwa maskini, bila nyumba ya maana. Alivuna mavuno 12 chini ya jua kali, kisha akawa kiongozi wa vikundi vya wavunaji kwa miaka 11. Kwa kuweka akiba akapata nyumba na shamba, na mwishowe akachaguliwa kukaa katika baraza la mji. Jiwe hilo liko Louvre, Paris. Hatukuachiwa maneno ya wale wengi waliovuna maisha yao yote na kufa bila shamba, ila tukumbuke kwamba walikuwepo.

Kilima cha Byrsa

Maliza ziara mahali ambapo historia ilianzia, Karthago, ambayo leo ni kitongoji tulivu cha Tunis kinachofikika kwa treni ndogo ya pwani. Magofu yake yametawanyika katikati ya nyumba za watu, kwa hiyo jipe siku nzima. Chini, ufukweni, kuna hamamu za Antoninus za karne ya 2, ambazo zilikuwa kubwa kuliko zote katika Afrika. Unachotembea ndani yake ni ghorofa ya chini tu. Nguzo moja iliyoinuliwa upya, yenye mita 15, inakupa kipimo cha ukumbi uliokuwa juu. Maji ya mji yalitoka chemchemi za Zaghouan kwa mfereji wa kilomita 132, ambao matao yake bado yanaonekana mashambani kando ya barabara. Katika karne ya 13 watawala wa nasaba ya Kihafsi waliukarabati ukapeleka maji Tunis, zaidi ya miaka elfu moja baada ya kujengwa.

Juu, kilimani Byrsa, tabaka za nchi zinaonekana mahali pamoja. Warumi walipotaka uwanja wa katikati ya mji, walikata kilele na kumwaga kifusi mtelemkoni. Kifusi kile kilizifunika nyumba za Wakarthago, na kwa kuzifunika kikazihifadhi. Leo zimefukuliwa: vyumba vidogo, visima vya maji ya mvua, vijia vyembamba vya zama za Hannibal. Juu yake kuna misingi ya Kirumi. Na juu ya vyote hivyo kuna kanisa kuu lililojengwa kati ya mwaka 1884 na 1890, Tunisia ilipokuwa chini ya Wafaransa, kwa juhudi za Kardinali Lavigerie.

Hapo msomaji wa Afrika Mashariki ana la kwake. Lavigerie ndiye mwanzilishi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita White Fathers, waliotua Bagamoyo mwaka 1878 na kuendelea hadi Tabora, Buganda na Ziwa Tanganyika. Alizikwa kilimani hapo, na mwaka 1964 mabaki yake yakahamishiwa Roma. Mapadre wa shirika hilo walifukua sehemu kubwa ya Karthago. Na katika uwanja wa mapambano ulio magharibi ya kilima, kama jadi inavyosema, mwaka 203, waliuawa Perpetua, mama kijana wa miaka 22 aliyekuwa bado ananyonyesha, na Felisita, mtumwa aliyejifungua gerezani siku chache kabla. Perpetua aliacha simulizi ya kifungo chake, miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo yaliyotufikia. Kwa majina yao bado wanabatizwa wasichana kutoka Bukoba hadi Bukavu, na wengi wanaoyabeba hawajaambiwa kwamba ni majina ya wanawake wa Afrika.

Kwa anayejiandaa kwenda

Nenda majira ya kuchipua au ya vuli. Kiangazi cha Dougga hakina kivuli. Vaa viatu imara na beba maji. Anza na jumba la makumbusho la Bardo mjini Tunis ikiwa unataka kuona mozaiki bora za nchi, kisha nenda magofuni ukijua zilitoka katika nyumba za namna gani. Lipia kiongozi wa mahali. Wengi wamekulia kando ya magofu hayo na wanajua mawe ya nyumba za babu zao yalitoka ukuta upi. Watu wa Dougga waliishi ndani ya magofu hadi walipohamishiwa kijiji kipya chini ya mlima katikati ya karne ya 20, kwa hiyo unapotembea humo unapita kwenye kilichokuwa kitongoji cha watu walio hai.

Usinunue sarafu wala kipande cha mozaiki unachopewa kwa siri, na usiokote kijiwe chochote. Umeshaona yaliyolipata kaburi la Dougga.

Na kama wewe ni mwalimu wa historia, nakuomba jambo moja. Unapofundisha Roma, usiianze wala kuiishia Italia. Wafundishe wanafunzi wako habari za mvunaji wa Mactar, wakulima wa Medjerda, Magerius na chui wake, Perpetua na Felisita. Hao ni Waafrika, habari zao zimechongwa kwenye mawe au kuandikwa zamani zao zenyewe, na ni haki ya watoto wetu kuzijua.